Kura ya Nusu Shari na Deni la Anayehama



Lipo swali ambalo waamini wamekuwa wakituuliza kila baada ya uchaguzi mkuu, na hutuuliza nje ya kitubio, kwa hiyo tunaweza kulijibu hadharani bila kugusa siri ya mtu yeyote. Swali lenyewe ni hili: je, ni dhambi kumpigia kura mgombea ambaye moyoni humwamini, kwa sababu tu unataka kumzuia mwingine unayemwona mbaya zaidi? La pili hufuata mara moja, na kwa kawaida hutoka kwa uchungu kuliko la kwanza: yule niliyempa kura yangu kwa namna hiyo, kisha akahama chama na kwenda kuketi na wale wale niliotaka kuwazuia, je, amenikosea, au hana deni lolote kwangu?

Maswali haya hujibiwa kwa pupa. La kwanza hujibiwa kwamba siasa ni mchezo mchafu, basi kila mtu apige apendavyo. La pili hujibiwa kwamba kuhama chama ni haki ya kila raia, basi nyamaza uendelee na shughuli zako. Majibu yote mawili hayaturidhishi. Na kwa wale wanaosoma ili wajue paroko wao ni wa chama gani, tuwaambie mapema kwamba watachoka bure. Kanuni ya 287 ya Sheria ya Kanisa inatukataza makleri kushiriki kwa bidii katika vyama vya siasa, na kanuni ya 285 inatukataza kushika nyadhifa za umma zenye madaraka ya kiserikali. Lakini hakuna kanuni inayotukataza kufikiri pamoja nanyi juu ya dhamiri.

Tuurudie mwaka 2015, maana ndio mwaka uliotufundisha mengi. Mnakumbuka kwamba Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Wilbrod Slaa, aliyewahi kuwa padre na wakati huo Katibu Mkuu wa CHADEMA, alisoma hadharani orodha ya viongozi ambao chama chake kiliwatuhumu kwa ufisadi. Jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kutokana na sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Yeye mwenyewe alikana tuhuma hizo siku zote, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Haki inatutaka tuliseme hilo. Lakini kwa miaka saba majukwaa ya upinzani yalilitumia jina lake kama mfano wa kila lililooza.

Julai 2015 vikao vya CCM mjini Dodoma vililikata jina lake miongoni mwa waliotaka kuwania urais, na John Magufuli akapitishwa. Tarehe 28 Julai Lowassa akajiunga na CHADEMA. Siku chache baadaye akawa mgombea urais aliyeungwa mkono na UKAWA, ule ushirikiano wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD uliozaliwa katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Viongozi wakasema wamebadili gia angani. Agosti Profesa Ibrahim Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF. Mwezi huo huo Frederick Sumaye, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi, naye akaiacha CCM. Tarehe 1 Septemba Dk. Slaa akatangaza kwamba anaachana na siasa za vyama. Ndani ya wiki tano tu, aliyetuhumiwa akawa mgombea, na aliyemtuhumu akawa nje ya nyumba.

Fikirini basi mpiga kura wa kawaida, mama wa WAWATA au mzee wa jumuiya, aliyekuwa ameiamini ile orodha ya Mwembe Yanga. Alikuwa anataka mabadiliko kwa dhati, na chombo pekee cha mabadiliko kilichokuwa na nguvu kilikuwa kimempakia mtu ambaye jana kilimwita adui. Upande wa pili walikuwapo wana-CCM waliompenda Lowassa, waliobaki na kadi zao mfukoni, wakasikia kila siku wimbo wa mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, huku moyoni wamekwisha kuling'oa figa moja. Wote hao waliingia kwenye chumba cha kupigia kura wakiwa wamekata shauri la kimkakati. Wazee walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake juu ya ipi ni nusu na ipi ni kamili. Tume ilipotangaza matokeo, Magufuli alipata kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46, na Lowassa kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefikia kiwango hicho tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992.

Je, wale waliopiga kura ya nusu shari walitenda dhambi? Tunajibu kwamba hapana, na tutaeleza kwa nini.

Kura si kanuni ya imani. Tunaposimama Dominika baada ya homilia tunasema Nasadiki, na neno hilo halina nusu. Mtu hawezi kusadiki Utatu Mtakatifu kwa mkakati. Lakini kwenye chumba cha kupigia kura hatusemi Nasadiki. Tunafanya tendo la busara juu ya mambo ya dunia hii, ambamo mara nyingi chaguo lililo safi kabisa halipo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 75, unawakumbusha raia kwamba kura ni haki na pia ni wajibu, na kwamba lengo lake ni manufaa ya wote. Hausemi kwamba mpiga kura ampende anayempigia. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Evangelium Vitae wa mwaka 1995, namba 73, anazungumzia mbunge anayekabiliwa na sheria mbaya asiyoweza kuifuta. Anafundisha kwamba mbunge huyo, ikiwa msimamo wake dhidi ya ubaya unajulikana wazi, anaweza kuunga mkono pendekezo linalopunguza madhara yake. Mpiga kura si mbunge, lakini mantiki ni ile ile: kupunguza ubaya usioweza kuuondoa si kuutenda.

Tunaomba msiyapite haraka yale maneno ya katikati, kwamba msimamo wake dhidi ya ubaya uwe unajulikana wazi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoteleza mwaka ule, si kwa kura bali kwa ulimi. Ilikuwa halali kusema: tuna mashaka na mtu huyu, lakini tunampa kura kwa sababu hizi na hizi, na tutamkodolea macho. Haikuwa halali kusema kwamba aliyekuwa fisadi Jumatatu amekuwa mkombozi Ijumaa bila kueleza lililotokea kati ya siku hizo mbili. Nusu shari, hata ukiichagua kwa dhamiri njema, inabaki shari. Anayeigeuza kuwa heri kwa maneno ameondoka kwenye mkakati na kuingia kwenye uongo. Mkiuliza ni nani alifanya hivyo, jibu ni kwamba walifanya hivyo wa pande zote. Waliomsifu Lowassa kwa miaka mingi wakiwa naye chama kimoja waligundua maovu yake wiki ile ile alipovuka, na hawakuona haya.

Walikuwapo pia waliokataa hesabu hizo zote. Mwaka 2015 kura 98,763 zilikwenda kwa Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee aliyewania urais mwaka huo. Wengi waliompigia walijua kwamba hatashinda, na waliambiwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tunasema kwamba kura ya namna hiyo ni ushuhuda, nao ushuhuda una thamani yake. Asidharauliwe anayeitoa, wala naye asimdharau jirani yake aliyepiga hesabu. Ila hata kura za ushuhuda hazikusalimika. Juni 2017 mama yule, Mungu amrehemu, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na Desemba mwaka huo huo akajiunga na CCM.

Tuseme kidogo juu ya sheria zetu, kwa sababu tabia za watu hazianguki kutoka mbinguni. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 mgombea urais alihitaji zaidi ya nusu ya kura zote halali. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti hilo, na tangu wakati huo anayezidi wenzake kwa kura, hata iwe moja, ndiye rais. Katika majimbo ya ubunge hali ni hiyo hiyo. Mfumo wa namna hii humlazimisha mpiga kura afanye hesabu, kwa maana wawili wanaofanana wakigawana kura zao, wa tatu hupita katikati. Segerea, jijini Dar es Salaam, ni ushahidi. Mwaka 2015 vyama vya UKAWA vilikuwa vimekubaliana kuachiana majimbo, lakini Segerea walisimama wagombea wawili, wa CHADEMA na wa CUF, na mbunge akatoka CCM. Pale hatuwezi kumlaumu mpiga kura hata kidogo. Yeye aliambiwa afanye mkakati na watu walioshindwa kukaa meza moja kumalizia mkakati wao.

Halafu kuna ibara za Katiba yetu zinazotaka kila mgombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigana mahakamani miaka mingi ili raia aweze kusimama bila chama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo si la mahakama bali la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatamka kwamba katazo hilo linakiuka haki. Tuliingia uchaguzi wa 2015, wa 2020 na wa 2025 katazo likiwa pale pale. Matokeo yake ni kwamba mwanasiasa aliyegombana na wenzake hana njia ya kuwafikia wananchi ila kwa kudandia chama kingine, kama abiria wa daladala ambaye haulizi rangi ya basi ilimradi linafika Mbagala. Tunawalaumu wanaohama, na mara nyingi wanastahili, lakini tukumbuke kwamba tumewafungia mlango wa kutembea kwa miguu.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwetu ndilo zito.

Mwishoni mwa mwaka 2017 na katika mwaka 2018 tulishuhudia wabunge na madiwani wa upinzani wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Mbunge wa Kinondoni aliyechaguliwa kwa tiketi ya CUF na mbunge wa Siha aliyechaguliwa kwa tiketi ya CHADEMA walijiuzulu Desemba 2017, wakapitishwa na CCM, na Februari 2018 wakarudi kwenye viti vile vile katika majimbo yale yale. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya marudio ya Kinondoni, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa upinzani, risasi ilimuua msichana mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ndani ya daladala, ambaye hakuwamo katika maandamano yale. Uchaguzi mdogo ule haukuletwa na kifo cha mbunge wala ugonjwa. Uliletwa na mtu mmoja kubadili fulana. Kwaresima ya mwaka huo maaskofu wetu katika ujumbe wao walizungumza waziwazi juu ya kuminywa kwa shughuli za siasa na juu ya chaguzi za marudio, na wapo waliowalaumu kwa kuchanganya dini na siasa. Lakini maaskofu walikuwa wakizungumzia uhai na haki ya watu, na hayo yamekuwa kazi ya Kanisa tangu Mitume.

Watetezi wa waliohama wana hoja moja nzuri, nasi tusiwanyime. Wanasema kwamba Katiba, ibara ya 71, inamwondolea ubunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni; kwa hiyo mtu huyo alikirudisha kiti kwa wananchi na kuwaomba upya. Je, si huo ndio uungwana? Ungekuwa uungwana kamili kama wananchi wangeombwa upya kweli. Lakini kuanzia katikati ya mwaka 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, mbunge akiruhusiwa jimboni kwake tu. Aliyehama alirudi akiwa na chama chenye dola, na mpinzani wake akaja akiwa amefungwa mdomo. Zaidi ya hapo, gharama ya uchaguzi ule haikutoka mfukoni mwa aliyehama. Ilitoka kwenye kodi, yaani kwenye zahanati na madawati. Na ibara hiyo hiyo ya 71 ilipatwa na usingizi wa ajabu baada ya uchaguzi wa 2020. Novemba mwaka huo wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu kupitia CHADEMA, chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama siku chache baadaye, nao wakaendelea kuketi bungeni hadi Bunge lile lilipomaliza muda wake mwaka 2025. Sheria inayoamka kwa huyu na kusinzia kwa yule haiwezi kumfundisha mtu uaminifu.

Mfano unaotusumbua kuliko yote ni wa Monduli. Monduli ndiko nyumbani kwa Lowassa, na kwa miaka mingi wananchi wake walimpa kura akiwa CCM. Mwaka 2015 alipohama, wengi wao walihama naye na kumchagua mbunge wa CHADEMA. Hilo halikuwa jambo dogo kwa jamii ambayo kadi ya chama hurithiwa kama ng'ombe. Ndugu walitengana na marafiki wakaacha kutembeleana. Mwaka 2018 mbunge wao akahamia CCM, kama alivyofanya mwenzake wa Ukonga, na Septemba wote wawili wakarudishwa bungeni kwa tiketi mpya. Kisha tarehe 1 Machi 2019 Lowassa mwenyewe akarejea CCM. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sumaye naye akarejea mwaka 2020. Lowassa alifariki dunia Februari 2024, nasi tunamwombea pumziko la milele kwa moyo wote. Lakini yule mzee wa Monduli aliyeacha kusalimiana na ndugu yake mwaka 2015, alirejeshewa nini? Zile kura milioni sita, ambazo nyingi zilitolewa kwa kujilazimisha, wenyewe waliulizwa lini?

Hapa ndipo tunapotamka lile tulilolikusudia. Kura ya kimkakati ni mkopo. Anayekupa kura kwa sababu anakuamini amekupa zawadi, na ukimwangusha umemhuzunisha. Anayekupa kura bila kukuamini, kwa ajili ya jambo moja tu mliloliafiki, amekukopesha kwa masharti, na jambo lile likikushinda, unapaswa kumrudia mwenye mali na kumweleza. Kuondoka na mkopo wa watu bila maelezo kuna jina linalojulikana katika amri kumi za Mungu.

Je, tunasema basi kwamba kuhama ni kosa daima? La. Tukisema hivyo tutamhukumu Ruthu Mmoabu, aliyeiacha nchi yake na miungu yake, na kila mwongofu aliyeacha alikozaliwa. Lakini tuangalie Ruthu alihamia wapi. Alimfuata mkwewe aliyefiwa, asiye na mume, akaenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Mwangalieni kwa upande mwingine Ahithofeli katika Kitabu cha Pili cha Samweli: mshauri wa Daudi mwenye sifa kuu, ambaye siku Absalomu alipoonekana kuwa na nguvu, alikuwa tayari upande wa Absalomu. Tunapotaka kumpima anayehama, tusianze na maneno ya mkutano wake na waandishi wa habari, maana yote hufanana. Tuulize amepoteza nini kwa kuhama. Amehamia kwenye njaa, au kwenye karamu?

Kwa kipimo hicho tunaweza kutambua tofauti hata pale tusipofungamana na itikadi ya mtu. Machi 2019, baada ya Mahakama Kuu kumtambua Profesa Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad alikiacha chama alichoshiriki kukiasisi na kujiunga na ACT-Wazalendo, chama ambacho mwaka 2015 kilikuwa kimepata mbunge mmoja tu wa jimbo. Tanga lilishushwa, tanga likapandishwa, na wafuasi wake walivuka naye, wakibadilisha rangi za ofisi zao kwa mikono yao. Hakuhama na kura za watu akiwaacha watu nyuma. Alihama na watu wenyewe. Unaweza kuikosoa siasa yake, lakini mkopo hakuukimbia.

Kuhusu vyama vinavyopokea, tutasema kwa lugha ya nyumbani kwetu, ya kitubio. Mdhambi anapokuja hatumfukuzi. Ole wetu tukimfukuza. Lakini hatumpi ondoleo kwa sababu amekuja na umati. Kuna kujuta, kuna kuungama, kuna malipizi. Zakayo alipokaribishwa mezani, hakuketi tu na kuanza kula kama mtu asiye na historia. Alisimama akasema atawapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Vyama vyetu, vyote bila kubagua, vimejifunza kumkaribisha Zakayo na kusahau mara nne. Mwaka 2015 CHADEMA kilipaswa kuwaambia wafuasi wake moja kati ya mawili: ama tulikosea kumtuhumu na tunamwomba radhi hadharani, ama hatukukosea na yeye ameeleza haya na haya. Hakikusema lolote kati ya hayo kwa uzito uliostahili. CCM nayo, ilipowapokea wa 2017 na 2018 kwa vigelegele, haikuwauliza mbele ya umma kwa nini waliwaomba wananchi kura za kuipinga.

Mwaka 2020 tuliona mkakati wa namna nyingine. ACT-Wazalendo kilikuwa kimemsimamisha Bernard Membe, aliyekuwa ametoka CCM mwaka huo huo, lakini kampeni zikiendelea viongozi wakuu wa chama hicho, Zitto Kabwe na Maalim Seif, wakawaomba watu wampigie Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe akasisitiza kwamba yeye bado ni mgombea. Mpiga kura akabaki na karatasi yenye jina la mtu ambaye chama chake kinamwambia asimpigie. Tume ilitangaza kura 81,129 za Membe, 1,933,271 za Lissu, na 12,516,252 za Magufuli, na upinzani ukayakataa matokeo hayo. Hapa mkakati wowote wa mpiga kura unakutana na ukuta, kwa sababu hesabu ya nusu shari inadhani kwamba kura itahesabiwa na kwamba wagombea wapo wa kuchagua. Mwaka 2025 hata dhana hiyo iliwaponyoka wengi. CHADEMA hakikuwamo katika karatasi ya kura, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Baadhi ya waliokuwa viongozi wake walikuwa wamehamia CHAUMMA. Mgombea wa ACT-Wazalendo, aliyetoka CCM miezi michache tu kabla, aliondolewa. Yaliyofuata kuanzia tarehe 29 Oktoba mnayajua, na walio na makaburi mapya wanayajua zaidi. Aliyebaki nyumbani siku ile kwa sababu hakuona wa kumchagua hatumhesabii dhambi, ingawa Katekisimu, namba 2240, inataja kupiga kura miongoni mwa wajibu wetu. Wajibu haumlazimishi mtu achague mahali pasipo na chaguo.

Tunajua kwamba hata katika uchaguzi wa halmashauri ya walei na wa viongozi wa kwaya kuna mikakati, kuna kambi, na kuna wanaohama jumuiya wakikosa uenyekiti. Hatusemi hayo kwa utani tu. Watoto hujifunza siasa kwenye mambo hayo kabla hawajapata kitambulisho cha kupigia kura.

Kwa sasa tunaomba jambo moja la kutenda. Zipo familia katika jumuiya zetu ambazo hazijapatana tangu mwaka 2015, kwa sababu mmoja alimwita mwenzake msaliti, ilhali wanasiasa waliowagombanisha wamekwisha kurudiana, kupeana mikono na hata kuzikana. Juma hili viongozi wa jumuiya watutajie familia hizo, tukipewa ruhusa na wahusika, nasi tutakwenda kuzitembelea mmoja mmoja baada ya Misa ya asubuhi. Na mwanasiasa atakapokuja kutuomba kura tena, wa chama chochote, asimamishwe pale pale mkutanoni na kuulizwa kwa heshima: siku ukitaka kutuacha, utarudi kutueleza kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari? Jibu lake liandikwe kwenye daftari la jumuiya, na tarehe.

Tunawatakieni Dominika njema.